Hotuba Kuu ya Foronya, Imetolewa na Mtaalamu Asiye na Mshindani

Mabibi na mabwana wa Tabora, kuanzia Ng'ambo hadi Isevya, nanyi mafundi wa barazani mliofunika vyerehani kwa muda ili mje mwelimike, karibuni mketi. Mbele yenu amesimama Mtaalamu Mkuu wa Foronya Kanda ya Magharibi, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kuona hakuna chuo kinachothubutu kunitahini. Leo nitathibitisha jambo moja tu, kwamba foronya ya mtoto huharibiwa na ubahili wa kitambaa, na kwamba hakuna mji wenye ushahidi wa jambo hilo kama huu wetu. Anayedhani kushona foronya ni kazi ndogo anaweza kutoka sasa. Mlango uko wazi, na jua la nje mnalijua.

Msafiri Mwingereza Richard Burton alipoingia Kazeh, yaani hapa hapa, tarehe 7 Novemba 1857, misafara ya kutoka Bagamoyo ilikuwa imekwishazoea kulipia safari kwa nguo. Kilichonunua mtama, kuku na ruhusa ya kupita kilikuwa kaniki ya Uhindini na merikani, ile pamba isiyotiwa dawa ya kung'arisha, iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Salem. Kipimo kilikuwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ikafanya shuka, shuka mbili zikafanya doti, ambayo ni yadi 4. Na mkono wa anayepokea, kama mjuavyo, huwa mrefu kuliko wa anayetoa, ndiyo maana msafara uliweza kupiga kambi siku kadhaa ukibishania hongo, yaani malipo ya kuruhusiwa kupita. Aliyeishiwa nguo aliishiwa safari. Livingstone aliporudi Ujiji mwezi Oktoba 1871 alikuta bidhaa zake, zikiwemo yadi 3,000 za kaliko, zimekwishauzwa na mtu aliyekabidhiwa. Msafiri maarufu duniani akawa fukara kwa kukosa kitambaa. Wanahistoria wameyaandika haya yote kwa bidii, lakini hakuna hata mmoja aliyeyahusisha na mto wa kulalia. Kazi hiyo imeniangukia mimi.

Chukueni mto wa mtoto, sentimita 40 kwa 60. Fundi bahili hukata vipande viwili vya 40 kwa 60, akavishona pande tatu, kisha akashangaa mto unagoma kuingia, kama kwamba mto ndio uliokosea hesabu. Kitambaa halali ni ukanda mmoja wa sentimita 43 kwa 140, uliofuliwa na kupigwa pasi kabla mkasi haujaugusa, kwa sababu pamba mpya hurudi. Zile tatu za upana ni za mishono ya pembeni. Katika ule urefu, 120 ni za mbele na nyuma ya mto, 5 za kupindia ncha mbili, na 15 zinazobaki ndizo hongo ya foronya. Ncha zikishapindwa na kushonwa, laza ukanda uso ukiwa juu, kunja ncha moja kuelekea katikati, kisha ikunje ya pili iipande ya kwanza kwa sentimita hizo 15. Piga mishono miwili ya pembeni, ukirudia mara mbili pale kitambaa kinapopishana, maana hapo ndipo mkono wa mtoto utakapovuta. Geuza. Mto unaingia bila ugomvi, mdomo unajifunga wenyewe, na zile 15 ulizoziona hasara zimelipa njia.

Wapinzani wangu, ambao ni wachache na hawana vyeo, husema zipu ingeziokoa hizo 15. Ingeziokoa, sikatai. Lakini meno ya zipu hukwaruza shavu la aliyelala, na siku ikikwama foronya nzima inageuka tambara la kufutia meza. Vifungo navyo ni chakula cha mtoto anayeota meno. Wanaosema foronya zinauzwa tayari sokoni sina la kuwajibu. Wamekuja kwenye hotuba isiyo yao.

Wapo pia wanaolalamikia bei. Hao nawaelekeza kwenye kanga kuukuu, iliyokwisha kurudi na kumaliza kuchuja rangi. Kanga moja ya takriban sentimita 150 kwa 110 hutoa kanda mbili, doti ikatoa foronya nne, na katika kila kanga kinabaki kipande cha sentimita 24. Hakikisheni kipande hicho ndicho chenye jina. Mtoto hana ugomvi na jirani wala na mke mwenza. Kwa nini alalie vijembe vya mama yake? Mama akihifadhi mwenyewe, anajua pa kukipeleka.

Lipo pingamizi moja ambalo hata mimi silifanyii mzaha. Mwanahistoria atasema nguo hiyo ilifika huku juu ya mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, na kwamba kwa doti hizohizo walinunuliwa watu, watoto wakiwemo. Ni kweli. Waliopitishwa hapa wamefungwa hawakuwekewa mto. Lakini hilo halinipi sababu ya kufunga somo. Kipimo kilichotumika kumthamini mtoto kama bidhaa hakina matumizi ya haki kuliko kumkatia mtoto kitambaa kamili, asichodaiwa chochote.

Turudi kwenye ukuu wangu. Mtoto akitaka picha ya treni mshonee, kwani reli ilifika Tabora mwaka 1912 na hakuna aliyeilalamikia kuwa pambo. Picha ishonwe kabla ukanda haujakunjwa, tena iwekwe ukingoni, mbali na shavu. Maswali sasa yanaruhusiwa. Ada ni doti moja ya merikani kwa kila swali, na mkono utakaopima ni wangu.