Sifa za Juma la Saa 95

Wanaolilaani juma refu la kazi hawana shukrani. Mimi nalisifu, hasa lile la benki za uwekezaji za New York, ambako vijana waliomaliza chuo juzi hulipwa mishahara ya kuwakumbusha wajomba wote undugu.

Mapema mwaka 2021, wachambuzi 13 wa mwaka wa kwanza wa Goldman Sachs waliulizana hali, wakapanga majibu kwenye slaidi kama zile wanazowatengenezea wateja. Kazi: wastani wa saa 95 kwa juma. Kulala: saa tisa usiku, kwa saa tano tu. Afya ya akili waliyoingia nayo kazini waliipa alama 8.8 katika 10. Sasa ilikuwa 2.8. Mizigo ya ziada, bila shaka, huachwa mlangoni. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inatosheka na saa 45 za kawaida. Kule Goldman kijana huajiriwa mara moja, akapewa kazi mbili na chenji ya saa tano.

Lakini kilichonigusa zaidi ni usawa. Mshahara wa msingi wa wachambuzi hao ulikuwa dola 85,000 kwa mwaka. Ukiutazama mzima, unatisha. Ugawe kwa saa zake zote, unabaki na kama dola 17 kwa saa, na mkaanga viazi wa mji huohuo alikuwa na haki ya kima cha chini cha dola 15. Enzi za Azimio la Arusha tulihangaika na mikutano na vijiji ili msomi na mwenye jembe wakaribiane. Wall Street imewakaribisha hadi dola mbili, bila hata kadi ya chama. (Bonasi ipo, tena nono, ila inaniharibia hesabu.) Agosti mwaka huo mshahara ukapandishwa hadi dola 110,000. Nilisikitika.

Na fedha zenyewe zitaliwa lini? Ukitoka, baa zimefungwa. Chakula cha usiku na teksi vinalipwa na benki. Kamati za harusi zimeshachoka kukutafuta, na mchumba naye ameshapata mwingine.

Wapo wanaotaka kuliharibu juma hili. Mwaka 2015 Goldman iliwaagiza vijana wa mafunzo ya kiangazi watoke ofisini kabla ya saa sita usiku, wasirudi hadi saa moja asubuhi. Ukatili ulioje! Mwaka 2024 JPMorgan ikaweka ukomo wa saa 80, isipokuwa, ashukuriwe Mola, dili likiwa limeiva.

Benki ya Jefferies ndiyo iliyoelewa. Mwaka 2021 iliwaachia vijana wake wachague zawadi ya shukrani, mojawapo baiskeli ya Peloton, ile ya mazoezi isiyotoka sebuleni. Ya kwenda barabarani wangeipanda lini?