Hatua Sita Zilizomfikisha Walt Disney Alipofika

Kampuni inayomiliki Pixar, Marvel na Star Wars ilianza Oktoba 1923, mjini Los Angeles. Mwanzilishi alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye studio yake ya Kansas City ilikuwa imefilisika mwaka huohuo. Alifikaje? Tunahesabu kutoka sita kushuka hadi moja, na msiruke!

6. Alimpa panya sauti
Novemba 18, 1928, New York: katika katuni ya Steamboat Willie, panya Mickey anapiga meno ya ng'ombe kama marimba, na kila jino linalia palepale linapogongwa. Katuni zenye sauti zilikuwapo kabla, lakini si kwa ustadi huu. Na ile sauti nyembamba ya Mickey? Walt mwenyewe, kwa miaka mingi. Bosi gani mwingine mnayemjua analipwa kwa kulia kama panya?

5. Saa
Mwaka 1933 Ingersoll walitoa saa ambayo mikono ya Mickey ndiyo akrabu. Watoto wakavaa tangazo mkononi, wazazi wakalilipia. Begi la shule lenye picha ya Elsa wa Disney unaloliona Kariakoo limetokana na akili ileile.

4. Filamu iliyochekwa kabla haijatoka
Nani angekaa zaidi ya saa nzima akitazama michoro? Hollywood walicheka, gharama zikapanda hadi takribani dola milioni 1.5, na Desemba 1937 Snow White and the Seven Dwarfs ikatoka. Waliocheka wakafuta machozi. Walt akapewa Oscar moja kubwa na nyingine ndogo saba, kila kibeti na yake! Faida ikajenga studio ya Burbank. Humo ndimo wachoraji walimogoma mwaka 1941, na Walt akauona mgomo kama usaliti. Hapo simtetei: waliochora vibeti walistahili chama na malipo ya haki.

3. Televisheni ilijenga bustani
Hapa ndipo nampigia makofi nimesimama. Walt alitaka bustani ya michezo, hela hana. Kituo cha televisheni cha ABC kilitaka vipindi, Walt anavyo. Mwaka 1954 wakakubaliana: ABC watie fedha na kudhamini mikopo, naye awape kipindi cha kila wiki. Akakiita nini? Disneyland! Tangazo la bustani likaingia sebuleni kwa watu, na ABC ndio wakilipa. Siku ya ufunguzi, Julai 17, 1955, tiketi bandia zilijaa, na visigino vya viatu vya kina mama vikazama kwenye lami iliyolainika kwa joto. Wiki saba baadaye wageni walifika milioni moja. Mwaka 1996 Disney wakainunua ABC yenyewe. Mpangaji kamnunua mwenye nyumba!

2. Kaka mtu
Walt aliota, Roy akatafuta pesa. Walt alipofariki Desemba 1966, Roy aliahirisha kustaafu ili amalize bustani ya Florida, akashikilia iitwe *Walt* Disney World. Ilifunguliwa Oktoba 1971; Desemba naye akafariki. Ukimsifu Walt ukamwacha Roy, hujamaliza sentensi.

1. Sungura aliyechukuliwa
Sungura wa hadithi za bibi humponyoka kila mtu. Oswald, sungura wa katuni za Walt, hakuweza. Mwaka 1928 Walt alikwenda New York kuomba nyongeza. Msambazaji Charles Mintz akamwambia malipo yatapungua, wachoraji wake wengi wameshasaini upande wa pili, na haki za Oswald ni za studio ya Universal. Mchoraji Ub Iwerks alibaki naye, wakamwumba Mickey, na safari hii haki zikakaa nyumbani. Ndiyo maana namweka wa kwanza: bila somo hilo, saa, filamu na bustani vingemtajirisha mwingine. Oswald alirudi mwaka 2006 kwa mabadilishano: NBC Universal wakampata mtangazaji wa michezo Al Michaels, Disney wakampata sungura. Mtu mzima na kipaza sauti chake, kwa sungura wa kuchorwa! Walt, naamini, angesaini mbio.