Sifa za Majimoto

Wanaomsifu nyuki ni wengi, na asali inawalipa. Mimi namsifu majimoto, sisimizi wa mitini, ambaye hajanilipa kitu ila vipele.

Hapa Chokocho, kusini mwa Pemba, mchumaji wa karafuu humjua kabla hajamwona. Mkono mmoja umeshika tawi, wa pili unakonyoa karafuu, ndipo mwenye mti anapofika: ang'ate, kisha ageuze tumbo anyunyize asidi pale pale palipochubuka. Mchumaji hawezi kuachia tawi wala kujikuna. Maneno yanayomtoka saa hiyo siyaandiki.

Lakini nyumba yake, masha-Allah! Wanajipanga ukingoni mwa jani, wanalivuta lifikie la pili. Pengo likiwa pana, mmoja hushikwa kiuno na mwenziwe, naye na mwingine, mpaka ukawa mnyororo wa viwiliwili. Majani yakigusana huletwa mabuu, maana wakubwa hawana uzi. Buu hupitishwa huku na huku kama sindano, likitoa hariri ya kushonea. Ajira ya watoto hiyo, na hakuna ofisi iliyomshitaki.

Mwingereza Michael Way alimchunguza Zanzibar ilipokuwa chini ya Waingereza, akachapisha matokeo miaka ya 1950. Aliona kwamba panapotawala majimoto, mdudu anayefyonza vidaka vya mnazi hadi vikapukutika hapati nafasi. Wenzake wakamtunuku: mdudu huyo mharibifu wakamwita Pseudotheraptus wayi. Aliyefanya kazi ya ulinzi hakupata hata barua.

Mwaka 2001 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Brussels, akiwemo Jean-Louis Deneubourg, waliandika jinsi mnyororo ule unavyojengeka bila msimamizi. Mwaka huo huo, katika chuo hicho hicho, Marco Dorigo alianza kuongoza mradi wa roboti ndogo zenye koleo za kukamatana, zivuke kwa pamoja ufa ambao moja ingetumbukia. Zilivuka. Mwenye ujuzi alikuwa mtini, akitung'ata.

Na mwaka 2025 watafiti wa Australia walipima nguvu za binamu yake wa huko. Kundi likikua, kila mmoja huvuta kwa nguvu zaidi, kwa kuwa wa nyuma hujikita na kuzuia kile walichokwisha kuvuta wa mbele kisirudi. Kwa binadamu, Mfaransa Ringelmann alionyesha mwaka 1913 kwamba kamba ikipata wavutaji wengi, kila mmoja hulegeza. Anayetaka ushahidi zaidi na aende kwenye msaragambo wowote, ahesabu walioegemea majembe.

Wahandisi, chukueni mnyororo na mbinu ya kuvuta. Asidi tuachieni sisi tuliokwisha kuizoea. Na wewe msomaji, ukialikwa kuchuma karafuu Chokocho, vaa mikono mirefu, chomeka suruali ndani ya soksi, na uangalie majani yaliyoshonwa kabla ya kushika tawi.