Poleni kwa Msiba, Bonyeza Moja

Mama mkwe wangu hapokei simu zangu tangu jana. Jioni, akiwa kwake Moshi, alipiga namba ya nyumbani kwetu Dar es Salaam kumjulia hali bintiye, na bintiye ndiye aliyejibu, kwa sauti nyororo iliyorekodiwa: "Poleni sana kwa msiba huu mzito." Hakungoja sentensi ya pili, ile ya kwa jeneza bonyeza moja, kwa gari la maiti bonyeza mbili. Nani angengoja? Mwanao akikupa pole kabla ya shikamoo, basi mfiwa ni wewe. Mama akatazama huku na huku, macho yakatua kwa baba mkwe aliyekuwa amejinyoosha kwenye kochi, mdomo wazi. Yowe lililopigwa hapo liliwaleta majirani na mwenyekiti wa kitongoji; mzee akazinduka akakuta analiliwa. Kufikia usiku ndugu wa Arusha walishaanza kuchangishana. Naambiwa mzee aliuliza imefika shilingi ngapi.

Karakana yangu ya majeneza iko mbele, nyumba iko nyuma, na simu za pande zote mbili hupita kwenye kisanduku kimoja kinachotosha kiganjani. Ukiniuliza kinavyofanya kazi, kaa kitako kabisa. Sauti yako hupimwa mara 8,000 kila sekunde, vipimo vikafungwa katika vifurushi 50, kila kimoja kikakimbia peke yake kwenye intaneti na kipande chake cha "haloo". Lakini kabla ya sauti hutangulia ujumbe wa mwaliko, usemao nani anampigia nani. Kisanduku kinaendeshwa na Asterisk, programu ya bure aliyoianzisha Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999. Kikiona imepigwa namba ya nyumbani, simu ya jikoni inalia. Kikiona ya karakana, mke wangu anatoa pole. Kutenganisha laini ni huko tu: kusoma namba iliyopigwa. Hakuna waya wa pili, hakuna mtambo wa pili. Mimi huona raha hata kulifikiria.

Sasa kampuni inayoniuzia namba ikabadilisha mitambo yake bila kumwambia mtu. Juu ya kila mwaliko ikaweka jina la akaunti yangu, na namba iliyopigwa ikaisukumia ndani, kwenye mstari wa mpokeaji. Ni barua zenye bahasha za jina la ukoo tu, jina la mhusika limo ndani. Kisanduku hakifungui bahasha bila kuamriwa. Simu isiyo na mwenyewe kinaipeleka karakana, kwa sababu mfiwa hafai kukosa wa kumjibu.

Kijana wa huduma kwa wateja alinishauri nizime, niwashe.

Kila mwezi nalipia namba mbili. Kwenye ankara kila moja ina mstari wake na kodi yake, hazichanganyiki hata siku moja. Wakati wa kudai hela wanaijua ya nyumbani na ya biashara. Wakati wa kuleta simu, zote ni "mteja". Hilo silicheki.

Almon Strowger, mfanyabiashara wa mazishi wa Kansas City, inasimuliwa alishuku kwamba opereta wa simu, mke wa mshindani wake, anawapeleka wateja wake kwa mumewe. Mwaka 1891 akapata hataza ya swichi inayounganisha simu bila opereta. Mwenzangu huyo wa kazi namwelewa kabisa. Mimi nimeandika tu mistari michache ya kukiamuru kisanduku kisome ndani.

Si kisa cha kwanza cha kisanduku: kabla ya hapo saa yake ilikuwa ya Greenwich, na kwa wanaopiga simu karakana ikawa inafunguliwa saa tano asubuhi. Na shoga wa mke wangu, aliyepigiwa kutoka jikoni akaona namba ya majeneza, ameizuia.

Wewe unayetaka namba mbili kwenye mtambo mmoja, muulize muuzaji kabla hujatoa hela: namba iliyopigwa mnaileta mahali gani kwenye mwaliko? Akikujibu kwamba hayo ni mambo ya kiufundi, usinunue.