Mtoto wa Mchana, Mtoto wa Usiku

Nilipooa Kinole nilielezwa mapema, tena kwa heshima zote, kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Aliyenieleza ni shemeji yangu mkubwa, mjomba mtu, mwenye sauti ya mwisho kwenye mambo ya watoto, huku akimenya chungwa kwa kisu na wala hanitazami. Mimi nimetoka Moshi. Kwetu mtoto ni wa baba, hata kama baba mwenyewe hajaonekana tangu Krismasi. Lakini sikubisha. Nilikuwa ugenini, na chungwa lilikuwa tamu.

Asichonieleza ni kwamba utaratibu huo hukoma saa mbili usiku.

Mchana binti yangu hanijui. Anatoka kwa bibi anakwenda kwa mama mdogo, kwa mama mdogo anachukuliwa na wasichana wanaotoka shule, na kila anayempokea anakuta kitu chake: pua ya bibi, paji la uso la mjomba, vidole vya marehemu babu. Mimi nimeachiwa masikio. Jua likishazama nyuma ya Uluguru, wenye pua wote wanapiga miayo, wananyanyuka mmoja mmoja. "Haya, baba yake, mtoto huyo."

Alipokuwa na miezi miwili tulimpeleka kliniki, nikamshtakia muuguzi. Akaniambia mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku. Nilitaka kumuuliza hizo saa binti yangu analala kwa nani. Akafafanua: saa ya mwilini bado inajipanga, hajajua usiku ni nini, tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi, kwa hiyo njaa humwamsha kila mara. Usiku msiwashe mataa, msimchezeshe. Mchana mtoeni kwenye mwanga. Mama mkwe akachomekea kwamba hata uji mwepesi kidogo ungesaidia. Muuguzi akasema hadi miezi sita ni ziwa tu, hata maji hapana. Mama mkwe, aliyelea saba, alimtazama yule binti muuguzi kuanzia viatu hadi kofia, akanyamaza. Njia nzima alinyamaza.

Miezi minne ikafika, nikajitia usomi. Nilikuwa nimesoma habari za daktari mmoja wa Boston, Richard Ferber, aliyetoa kitabu mwaka 1985: mlaze mtoto akiwa macho, toka chumbani, akilia subiri dakika chache kabla ya kuingia, kisha uwe unazidisha muda. Pale panaposema njia hiyo ni ya mtoto aliyekua zaidi ya wangu nilipapita haraka. Nikamlaza chali, nikatoka, nikasimama ukumbini na simu nikihesabu dakika. Ya kwanza, kilio. Ya pili, kilio chenye ghadhabu. Ya tatu, hodi. Jirani wa juu na jirani wa chini wamefika na tochi, mmoja kajifunga khanga kiunoni tayari kwa lolote, wanauliza kuna msiba gani. Nadhani Boston nyumba zinaachana.

Ukombozi ulielekea kuja kwa bodaboda. Siku tuliyotoka Mkuyuni, mama kamfunga mgongoni kwa mbeleko, mtoto alilala tangu tunapanda mpaka tunashuka, pamoja na ubovu wote wa barabara. Nikapata akili. Usiku nikamwita kijana wa bodaboda aegeshe chini ya dirisha, aache injini ingurume. Binti akalala kama gunia la karafuu. Injini ikazimwa, macho mawili yakafunguka. Ikawashwa, yakafumba. Kwa bei ya petroli ya kijijini, nikaona heri niurekodi ule mngurumo kwenye simu, nusu saa nzima.

Usiku uliofuata nilijilaza pembeni yake nikijisifu. Nikasinzia. Ghafla chumbani nikasikia mtu anafoka: "Zima basi, ameshalala! Elfu mbili ya nini, kwani tumekwenda wapi?" Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, mwisho wa rekodi. Mtoto aliruka kama kamwagiwa maji. Mke wangu akanigeukia gizani na kuuliza kumbe nililipa elfu mbili.

Kisha masika ikakolea. Jioni moja mvua ilinyesha mpaka njia ikawa utelezi mtupu, bodaboda zote zikagoma, na shemeji mkubwa akalazimika kulala kwetu. Saa nane usiku mvua ikapungua, binti kapitiwa, nami ndio kwanza nauchomoa mkono chini ya shingo yake, kidole kimoja kimoja. Nimebakiza kidole gumba. Nyuma ya nyumba fenesi likadondoka, puu! Yale makubwa ya kubebwa na mtu mzima begani.

Kilio kilipofika kwenye bati nilimnyanyua, nikaenda kugonga chumba cha wageni.

"Shemeji, mpwa wako huyu."

Kimya. Kitanda kikalalamika.

"Shemeji, mtoto wa ukoo analia."

"Mpelekeni kwa baba yake," akajibu kwa sauti ya usingizini.

Niliisikia vizuri kabisa. Asubuhi, mama mkwe akiwepo, nilimwomba airudie. Akasema chai ya leo imekolea mdalasini, tena akaomba aongezewe.