Shangazi, Samaki Wangu Wanakufa

Shikamoo Shangazi. Nilinunua samaki wa dhahabu wanane, nikawatia kwenye tangi jipya na maji safi ya bomba. Wiki ya pili wamebaki watatu, wanahema juu juu. Jirani alipokuja aliwasifu kupita kiasi. Nimkabili? – Mwenye Wasiwasi, Sinza.

Shangazi, mapezi ya samaki wangu yanaoza. Nimemwaga kapsuli mbili za rangi mbili, chumvi na manjano. Niongeze nini? – Baba Dawa, Nyali.

Shangazi, kila Jumapili nasafisha tangi kwa sabuni, namwaga maji yote, nasugua sponji ya kichujio mpaka inarudi kama mpya. Mbona Jumatano wanakufa? – Msafi, Tanga.

Marahaba, wanangu. Barua tatu, washtakiwa watatu: jicho la jirani, ugonjwa usio na jina, na uchafu. Hakuna hata mmoja wenu aliyepima maji, na hapo ndipo uchunguzi wa samaki unapoanzia. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua mchana na usiku, hata asipolishwa. Ziwani inapotelea mbali. Ndani ya kioo haina pa kwenda, kwa hiyo anaogelea ndani ya sumu aliyoitoa mwenyewe. Wanaomwokoa ni bakteria wanaoishi kwenye sponji ya kichujio na kwenye changarawe: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Tangi jipya halina jeshi hilo, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Sasa, Mwenye Wasiwasi, tazama tarehe zako. Samaki wanane walao sana, tangi lisilo na bakteria, vifo wiki ya pili. Amonia hupanda katika kipindi hicho hicho. Jicho baya lingekuwa na sababu gani ya kufuata kalenda ya bakteria? Jirani yako hana kesi.

Msafi, wewe ndiye shahidi wangu bora, ingawa hukukusudia. Kama uchafu unaoonekana ndio ungekuwa unaua, tangi lako lingekuwa salama kuliko yote Tanga. Lakini kila Jumapili unawaua bakteria kwa sabuni na maji ya bomba yenye klorini, kisha unawarudisha samaki kwenye tangi lisilo na ulinzi. Ikifika Jumatano amonia imeshajaa. Mabaki ya sabuni peke yake yanatosha kuunguza matamvua. Utaniambia maji yalikuwa maangavu kabisa. Naam, na ndiyo hatari yake: amonia inayoua samaki haina rangi, na kwa kiwango hicho pua yako haiisikii. Sponji isuuze kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, iache na ukahawia wake, na ubadilishe robo tu ya maji kwa wiki. Maji mapya yakikaa wazi usiku kucha, klorini hutoka. Kloramini haitoki kwa kusubiri, inahitaji dawa ya kuiondoa.

Kuna msomaji atakayesema kuwa alipima, akakuta amonia ile ile ya rafiki yake, na samaki wa rafiki hawakudhurika. Inawezekana, kwa sababu namba ya amonia haisemi kitu bila pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika umbo lenye sumu kali. pH 8 ni kama asilimia 5. pH 9 inazidi theluthi. Hebu wafikirie samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, jamaa wa sato na perege, ambao kwa miongo mingi wamekuwa wakisafirishwa kutoka Kigoma na Bujumbura kwenda kwa wafugaji wa ng'ambo. Wanataka maji yenye pH inayokaribia 9, yaani maji yale ambamo kosa dogo la usafi huadhibiwa vikali zaidi.

Baba Dawa, kwa chumvi na manjano umebakiza tui la nazi tu. Najua utanijibu kuwa chumvi iliwahi kumponya samaki wako, nami sikatai. Nitriti huingia mwilini kupitia matamvua na kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Kloridi iliyomo kwenye chumvi hushindana nayo mlangoni. Kwa hiyo siku ile chumvi iliponya, na huenda shida ilikuwa maji. Kapsuli ni jambo jingine. Mapezi huoza mara nyingi baada ya maji mabaya kumdhoofisha samaki, na dawa ya bakteria iliyomwagwa kwa kukisia inaweza kuwaua hata wale wa kichujio. Hapo amonia inapanda, samaki anazidiwa, nawe unafungua kapsuli ya tatu.

Magonjwa halisi yapo, nisije nikaeleweka vibaya. Samaki akijaa vidoa vyeupe vidogo na kujisugua kwenye mawe, huenda ni kimelea cha madoa meupe, na maji mazuri pekee hayatamtoa. Hata hapo dawa hukiua kinapoogelea huru tu, si kikiwa chini ya ngozi, ndiyo maana dozi hurudiwa hata baada ya madoa kupotea, na mkaa hutolewa kwenye kichujio usije ukainyonya dawa. Kwa kutofautisha, angalia mpangilio. Wote wakihema kwa pamoja, shuku maji, au oksijeni kama umeme ulikatika na pampu ikasimama, hasa msimu wa joto, maana maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Akiugua mmoja, kisha wa pili siku kadhaa baadaye, shuku maambukizi. Mtenge, lakini bado upime.

Kipimo ni ghali kuliko samaki, mtasema. Basi jumlisheni samaki waliokufa na kapsuli. Na asiyekuwa nacho leo aanze na tiba isiyosubiri jina la ugonjwa: abadilishe theluthi ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lile lile, asilishe siku mbili, arudie kesho. Kama tangi ni la zamani na halijaguswa kwa miezi, abadilishe maji ndoo moja moja, kwa sababu pH iliyokuwa imeshuka ikiruka ghafla ile amonia iliyokuwa imetulia huamka ikiwa na sumu yake yote.