Fundi wa Leseni

Hongera, bibie. Mashine ya kudarizi bado imo kwenye boksi, lakini umeshaapa kuwa bila programu ya Wilcom ya kuchorea mishono, tena ile ya gharama kubwa, hata herufi moja kwenye leso haitoki. Ink/Stitch ni programu ya bure ya kazi hiyohiyo, hufanya kazi ndani ya Inkscape, hutoa faili za mashine za DST na PES. Ila cha bure utamringia nani? Basi nunua, ubonyeze kile kitufe cha kugeuza picha kuwa mishono. Simba wa nembo ya shule atatoka kama paka aliyenyeshewa, kitambaa kimekunjamana, maana mishono ya kutandika chini hukuiweka, wala hukujua uzi huvuta nguo. Usijali, shoga. Toleo jipya likitoka, utauziwa tena.